Mlima Elgon Una Chakula, Kinachokosekana ni Sahani ya Mgeni

Meza ya vyakula vya asili katika maonyesho yetu ya utamaduni huku Magharibi mwa Kenya inajulikana. Imetandikwa kanga. Juu yake pana kibuyu cha maziwa ya mursik, chungu cha pombe ya busaa, ugali wa wimbi uliofinyangwa ukafinyangika, mboga za saga na managu, viazi vitamu, nduma na kumbikumbi waliokaangwa, kila kitu na kikaratasi chenye jina lake. Kinamama wa kikundi wamesimama nyuma ya meza katika sare zao tangu asubuhi. Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa nne anaingia saa nane, anaonja kijiko hapa na kijiko pale, anapigwa picha, kisha anaongozwa jukwaani. Hotuba zinaanza. Na yule mtu aliyepanda matatu mbili kuja kuona na kula, akiuliza bei ya ile nduma, anaambiwa kwa upole kwamba hicho ni cha maonyesho, hakiuzwi. Njaa ikimzidi anaelekezwa kwenye kibanda cha chipsi.

Nimeyaona haya mara nyingi, na kila mara nimewahurumia wapishi kuliko nilivyomhurumia mgeni. Mama aliyeamka usiku kusaga wimbi anarudi nyumbani jioni na chakula kilichopoa, bila shilingi mkononi. Mgeni naye anaondoka akiwa amejaza simu yake picha huku tumbo likiwa tupu, na mwaka ujao hana sababu ya kurudi. Tukitaka sherehe za vyakula ziwavute watu, lazima tuanze hapo. Chakula kipikwe mbele ya watu, kiuzwe kikiwa cha moto, na anayekipika ndiye awe mwenyeji wa siku.

Mahali ninapopafikiria ni Kapsokwony, makao makuu ya kaunti ndogo ya Mlima Elgon, juu ya Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma. Ukitoka Kitale unashuka na barabara ya Webuye hadi Kamukuywa, unaingia Kimilili, halafu unaanza kupanda. Hewa inabadilika. Vitunguu, viazi, kabeji, kahawa na migomba vimeshika pande zote mbili za njia, na jioni ukungu unateremka mapema hata mtu akatamani kitu cha moto mkononi.

Wakenya wengi wanaujua mlima huu kwa mambo mawili. La kwanza ni mbio. Huku ndiko alikotoka Ben Jipcho, aliyetwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch mwaka 1974, na Kapsokwony ndiko alikozaliwa Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 jijini Berlin mwaka 2009. La pili ni machungu: vita vya mashamba ya Chepyuk, kundi la wapiganaji la SLDF lililoanza kutesa na kuua watu mwaka 2006, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 iliyoacha majeraha yake yenyewe. Zipo familia ambazo hazijapona. Siamini kwamba sahani ya chakula inafuta jambo kama hilo. Lakini watu wa mlimani wana haki ya kutembelewa kwa sababu nyingine, na kwa uzuri wanaouchagua wao wenyewe.

Sababu hiyo wanayo tele. Elgon ni mlima wa pili kwa urefu nchini Kenya, na chakula chake hubadilika kadiri unavyopanda. Chini, kuelekea Chwele na Kimilili, ni nchi ya Wabukusu: ugali wa wimbi na mtama, kuku wa kienyeji, mrenda, kunde, simsim, njugu, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Panda hadi kwa Wasabaot, utakuta mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya mti, yale yale ambayo taifa zima huyaona kwenye televisheni wanariadha wanapopokewa uwanja wa ndege. Juu zaidi, Laboot na Chepkitale, wako Waogiek wa Elgon, wafugaji wa nyuki na ng'ombe, ambao wamepigania kwa miaka mingi kubaki katika ardhi ya mababu zao tangu ilipotangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Asali yao ikiuzwa Kapsokwony, ni wao wenyewe wanaopaswa kusimama nyuma ya mtungi na kueleza nyuki walikula maua gani. Mchuuzi wa mjini asipewe nafasi hiyo kwa niaba yao.

Kisha kuna chumvi, na hapa ningependa tukae kidogo. Upande wa Trans Nzoia, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon iliyotangazwa mwaka 1968, lipo pango la Kitum. Usiku ndovu huingia ndani gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, na kuchimba kuta kwa pembe zao ili wapate madini ya chumvi. Watalii huvuka bahari kuja kuona alama za pembe hizo. Lakini wachache sana huambiwa kwamba watu wa bondeni nao wana namna yao ya zamani ya kujipatia chumvi. Wabukusu hukata matete yanayoota kando ya Mto Nzoia, huyakausha, huyachoma, huchuja majivu yake kwa maji, kisha huchemsha maji hayo hadi ibaki chumvi. Ndiyo inayolainisha mboga ngumu za kienyeji na kuzipa ile ladha ambayo magadi ya dukani hayaipati. Shirika la kimataifa la Slow Food limeiingiza chumvi hii ya Nzoia katika miradi yake ya kulinda vyakula vilivyo hatarini kupotea, pamoja na maziwa ya Wapokot yanayochanganywa na majivu ya mti, huko kaskazini mwa Kitale.

Sasa fikiria mgeni aliyetoka Kitum asubuhi. Mchana yuko Kapsokwony, anamtazama mama akichuja majivu, anaonja saga iliyopikwa kwa chumvi hiyo, na anaondoka na kifuko kidogo cha kupeleka nyumbani. Amepata hadithi nzima ya mlima, ya mnyama na ya binadamu, kwa siku moja. Hakuna kikundi cha ngoma kilicholipwa na hakuna hema la kifahari lililokodiwa. Kilichohitajika ni moto, majivu, maji, na mtu anayejua kazi yake.

Chakula ambacho ningekiweka mbele kuliko vyote, hata hivyo, ni malewa. Haya ni machipukizi ya mianzi inayoota juu mlimani. Huchumwa wakati wa mvua, huvuliwa maganda, hukaushwa kwa moshi juu ya meko hadi yawe ya kahawia, na hapo hukaa muda mrefu bila kuoza. Siku ya kupikwa huloweshwa, huchemshwa, hukatwakatwa na kuungwa kwa njugu zilizosagwa. Ladha yake ni ya moshi, na mtu akiionja mara ya kwanza hutulia kidogo kabla ya kuongeza tonge. Wamasaba wa Mbale na Bududa, upande wa Uganda, wameifanya kuwa fahari yao, na msimu wa tohara ya Imbalu, ambayo hufanyika miaka ya shufwa, haiwezi kukosa. Wabukusu ni ndugu zao, mlima ni mmoja, lakini huku kwetu malewa imebaki chakula cha majikoni mwa wazee. Mursik utaipata Eldoret na Kericho. Nyama choma iko kila mahali. Malewa ni ya Elgon.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu msitu, na swali lake ni la haki. Umati ukipenda machipukizi, nani atazuia mianzi isimalizwe kabla ya kukomaa? Ndiyo maana wauzaji wanapaswa kuwa wakulima waliopanda mianzi yao wenyewe. Mwaka 2020 serikali iliitangaza mianzi kuwa zao la kilimo, na mashamba ya kandokando ya vijito vya Elgon yanaifaa sana. Sherehe inaweza kuwa soko la kwanza la mkulima huyo. Kinyume chake, sherehe inayoishi kwa kuuparua msitu inajichimbia kaburi, na afadhali isifanyike.

Faida ya kuchagua chakula kimoja na kukipa siku nzima imeonekana mbali sana na hapa, katika kisiwa cha Tobago kwenye Bahari ya Karibi. Wanavijiji wa Bloody Bay na majirani zao hufanya tamasha kila Oktoba, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya nduma. Ndiyo, nduma hii hii tunayokula na chai asubuhi. Aina yao ikichemshwa hugeuka samawati, na tamasha lilipewa jina kutokana na rangi hiyo. Huko nduma utaikuta katika mkate, keki, aisikrimu, hata mvinyo. Majani yake huwa mboga. Wapishi hushindana kubuni kipya kila mwaka, na watu husafiri kwenda kijiji ambacho vinginevyo wasingekuwa na sababu ya kukifikia. Jamaika nako, katika mji wa Albert Town ulio milimani mbali na hoteli za ufuoni, wakulima wa viazi vikuu wana tamasha lao wakati wa Pasaka. Vijiji hivi havina utajiri wa kuushangaza ulimwengu. Vilichukua kile ambacho kila jirani alikiona cha kawaida mno, vikakifanya kuwa sababu ya safari.

Barbados wanafundisha jambo jingine. Katika mji wa wavuvi wa Oistins, kila Ijumaa jioni, samaki hukaangwa na kuchomwa kando ya soko la samaki, muziki unapigwa, na wenyeji hula pamoja na watalii kwenye mabenchi yale yale. Kila Ijumaa. Mgeni hahitaji kuuliza tarehe. Zanzibar wanafanya vivyo hivyo Forodhani: jua likizama, moto unawashwa, na kuna mishkaki, urojo, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati na Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, lakini kinachowarudisha watu ni uhakika kwamba leo usiku, na kesho usiku, pishi litakuwepo. Sisi tumezoea tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka linalotegemea bajeti ya mtu na ratiba ya kiongozi. Kiongozi akibadilika, tamasha linakufa. Kapsokwony ingeanza na kona moja ya soko, Jumamosi moja kila mwezi, kisha siku moja kubwa ya mwaka ijengwe juu ya msingi huo.

Siku hiyo kubwa ningeiweka mwishoni mwa Desemba. Mahindi yamevunwa, wimbi iko ghalani, mvua imekatika na njia za kupanda mlima zinapitika. Zaidi ya yote, watu wa mlima waliotawanyika Nairobi, Nakuru na Mombasa wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Tunaposema wageni tusiwafikirie Wazungu peke yao. Mtoto aliyezaliwa Umoja au Kasarani, ambaye hajawahi kuona wimbi ikisagwa kwa jiwe, ni mgeni pia, na ana hamu kubwa kuliko mtalii. Mpe jiwe asage. Mpe mwiko asonge. Wazazi wake watalipia furaha hiyo bila kunung'unika, na mwakani ni yeye atakayewakumbusha.

Vyakula vya msimu wa mvua havitakuwa vibichi wakati huo, lakini hilo halina ubaya. Kumbikumbi wa Aprili waliokaushwa vizuri hufika Desemba. Na kwa kuwa kutakuwa na Jumamosi ya kila mwezi, mvua za kwanza zikija vijana wanaweza kuwaonyesha wageni namna ya kugongagonga vijiti juu ya kichuguu ili kumbikumbi wadanganyike kwamba mvua inanyesha na watoke. Sijui onyesho la ukumbini linaloweza kushindana na hilo.

Sasa mambo madogo madogo, ambayo kwa kweli ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi. Mgeni anataka kuonja vitu vingi, hivyo auziwe kidogo kidogo: kibakuli cha malewa, tonge mbili za ugali wa wimbi, kikombe kidogo cha mursik, paja la kuku. Sahani iliyojaa ya shilingi mia nne humfunga kwenye kibanda kimoja. Vibakuli vidogo humtembeza soko zima, na kila mama anapata chake. Bei iandikwe wazi, pamoja na nambari ya Lipa na M-Pesa. Hakuna kinachomkera mgeni kama kuhisi kwamba bei imepandishwa baada ya lafudhi yake kusikika.

Jina la mpishi na kijiji chake viandikwe pia. Mtu hukumbuka kwamba alikula kwa Mama fulani wa Kaptama au wa Kopsiro, na mwakani atauliza yuko wapi. Vijana wachache wafundishwe kusimulia: kwa nini kibuyu hupakwa masizi, kwa nini katika nyumba nyingi za Waluhya firigisi humwendea mwenye mji au mgeni anayeheshimiwa, na kwa nini busaa hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka leseni, kwa hivyo busaa iwe na pembe yake, saa zake na mwangalizi wake, mbali na watoto.

Usafi usifanyiwe mzaha. Wapishi wote wawe na cheti cha afya, ambacho hudumu miezi sita, na kaunti ingefanya wema mkubwa kuleta maafisa wa afya Kapsokwony siku moja badala ya kuwaacha kinamama wapande magari kufuata stempu. Vibuyu chirizi vya kunawia mikono, vyenye sabuni, viwe kila baada ya vibanda vichache. Vyoo viwe safi hadi jioni, maana chooni ndipo mama mwenye watoto hukata shauri la kubaki au kuondoka. Na vyombo vya plastiki vinavyotupwa viachwe kabisa. Ndani ya mbuga na misitu ya hifadhi vimepigwa marufuku tangu Juni 2020, na tunayo majani ya migomba, vyungu na vibuyu vinavyopendeza zaidi katika picha na mkononi.

Usafiri ni donda. Mgeni anayelala Kitale huanza kutazama saa tangu alasiri, kwa hofu ya kukosa gari la kumteremsha Kimilili. Chama cha matatu kikikubali kuacha magari mawili yanayoondoka saa mbili usiku, na hilo likatangazwa mapema, watu watakaa kula chakula cha jioni, wakati ambao moto unapendeza na baridi yenyewe inauza uji. Wengine wangelala. Nyumba za watu ziko, vitanda viko. Kinachotakiwa ni orodha ya nyumba zilizokaguliwa na bei isiyobadilika.

Kitale yenyewe ina mengi ya kuongezea safari hiyo. Makumbusho yake yana mizizi katika mkusanyiko binafsi wa Stoneham ulioanza mwaka 1926, na hifadhi ya Saiwa yenye swala aina ya nzohe iko karibu. Wageni wa maonyesho ya kilimo ya Kitale tayari wana mapenzi ya mazao na mifugo. Ubao mmoja katika maeneo hayo, wenye tarehe za mwaka mzima za Kapsokwony, ungefanya kazi kubwa kuliko matangazo ya redio ya wiki moja.

Yote haya yana mfano wa kutegemea hapa hapa nchini. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mbinu bora za kuhifadhi urithi. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007, ikawahusisha wanasayansi, makumbusho ya taifa, idara ya utamaduni na jamii zenyewe, wakiwemo Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Watoto wa shule ndio waliokwenda kwa bibi zao kuuliza na kuandika. Shule za Kapsokwony zinaweza kufanya kazi hiyo muhula mmoja tu na kutoa kijitabu cha vyakula vya mlima, kiuzwe kwenye sherehe, faida irudi shuleni.

Pesa za mwanzo si nyingi, lakini zina njia yake na majira yake. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni, ambavyo mara nyingi hujaa wanaume wanaozungumzia barabara. Vikundi vya kinamama wa Kapsokwony, Kaptama, Kopsiro na Cheptais waende vikao hivyo wakiwa wengi, na karatasi fupi mkononi: bomba la maji sokoni, vyoo, taa, paa la kukinga mvua, meko ya kudumu, na siku moja ya maafisa wa afya. Wasiombe hema la wageni wa heshima. Mgeni rasmi akija, apange foleni, anunue kibakuli chake, na kama ana neno la kusema aliseme akiwa anakula.